Mtoto wa Dada Yangu

Mdogo wangu akikutazama usoni, usidhani anakutazama wewe. Anatazama miwani. Kama huna miwani, anatazama jinsi unavyokunja macho, halafu anakwambia unaihitaji. Amegombana na watu wengi kwa tabia hiyo. Mchumba wangu wa kwanza aliambiwa pale sebuleni kwetu, kikombe cha chai kikiwa mkononi, kwamba jicho lake la kushoto linafanya kazi ya mawili. Hakurudi. Sisemi ni kwa sababu hiyo, lakini hakurudi.

Alianza kazi kwenye duka la miwani akiwa msichana, kazi yake kufagia na kufuta vioo vya kabati. Mwenye duka mikono ilikuwa imeshaanza kumtetemeka, kwa hiyo kidogo kidogo akamwachia mashine ya kusaga lenzi, kisha koleo za kunyoosha fremu, mwisho akamwachia na ufunguo. Watu wakamwita Fundi Miwani. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera: kupima macho alikuwa haruhusiwi. Mpimaji alikuja kutoka mbali mara chache kwa mwaka, na aliyemkosa alirudi nyumbani na macho yake vilevile. Siku moja akamrudisha mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa haoni hata mizani yake, akafunga duka, akaja chumbani kwangu kunitangazia kwamba atakwenda kusomea kupima macho.

"Utasomea wapi? Hapa chuo hicho hakuna."

"Nje."

Nikacheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. Mimi nashona sare za shule. Nimewashonea watoto wa watu ambao leo ni madaktari, wakipita barabarani wananipungia mkono, lakini sikuwahi kufikiri wa kwenda nje angetoka kwenye vyumba vyetu viwili na bomba la pamoja. Yeye hakucheka. Aliandika, akaandikiwa, mpaka chama kimoja cha hospitali za macho kikakubali kumsomesha. Ikabaki viza.

Wakati huo alikuwa tayari ana mtoto. Baba wa mtoto alitoka kwenda kununua vocha ya simu, na kama vocha aliipata, hakuitumia kutupigia sisi. Mtoto ana jina lake zuri tu, ila nyumba nzima tunamwita Kasuku, maana neno lolote likitoka kinywani mwa mtu mzima analichukua na kulirudisha vilevile, pamoja na kikohozi chake. Nikimsema vibaya mteja aliyechelewa kuchukua sare, kesho mteja huyo anapokelewa mlangoni kwa maneno yangu mwenyewe. Kasuku alikuwa anamwita mama yake mama, na mimi mama mkubwa, kama ilivyo kawaida ya dunia.

Siku ya mahojiano ya viza mimi nilikuwa nazungusha sare kwenye mashule. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na mshonaji asiyefikisha sare siku ile bora auze cherehani. Hakukuwa na wa kumwachia mtoto. Mdogo wangu akamvalisha gauni la njano nililomshonea, akaenda naye.

Sasa, ukitaka kujua watu walivyo mabingwa wa mambo wasiyoyajua, simama kwenye foleni ya viza. Kila mmoja ana elimu yake. Huyu anakwambia ukiulizwa jibu kwa kifupi, yule anakwambia jieleze. Huyu anasema vaa suti, yule anasema suti inawatia wasiwasi. Mbele ya mdogo wangu alisimama jamaa mwenye mfuko wa plastiki umejaa karatasi, ambaye alikuwa ameshanyimwa viza zaidi ya mara moja na kwa hiyo anajiona mwalimu. Alimtazama Kasuku, akamtazama mama yake.

"Huyo ni wako?" akauliza.

"Wangu."

"Ukifika dirishani si wako. Nakwambia kama kaka yako. Ukisema una mtoto wataona leo unakwenda wewe, kesho unamvuta yeye, keshokutwa bibi yake. Asiye na mtoto hana maneno."

Mama mmoja wa nyuma akaitikia kwamba ni kweli, shemeji yake aliponzwa na hilohilo. Na mdogo wangu, huyuhuyu anayebishana na watu juu ya macho yao wenyewe, siku ile hakubisha. Hofu ikiingia, akili inakaa pembeni. 

Dirishani alikuwepo mama wa makamo nyuma ya kioo, fremu ya miwani yake imelala upande. Alimuuliza ya chuo, akajibu. Akamuuliza nani anamsomesha, akajibu. Akamuuliza akimaliza atafanya nini, akasema atarudi kupima macho ya watu. Yote ya kweli. Kisha yule mama akauliza, wala hakuinua kichwa, "Una watoto?"

"Sina."

Hapo ndipo akainua kichwa. "Na huyu?"

"Mtoto wa dada yangu."

Kasuku akageuza uso juu, akamtazama mama yake. Hakusema neno. Mtoto yule kunyamaza si jambo dogo, na mdogo wangu anasema aliyasikia macho yale kichwani mwake mpaka walipotoka nje ya geti.

Njiani akaanza kutengeneza. Akachuchumaa kando ya barabara, akamshika mtoto mabega. Akamwambia, "Kule dirishani tulikuwa tunacheza mchezo. Wale watu wakijua mimi ni mama yako hawataniruhusu kwenda shule. Kwa hiyo mimi ni mama mdogo, na mama mkubwa ndiye mama. Unauweza mchezo huo?"

Kasuku akasema anauweza. "Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwambia umekwisha."

Hayo mimi nilikuja kuyasikia mwishoni kabisa, wewe yasikie sasa. Aliyasema kama tunavyowaambia watoto mambo ili tupate kuendelea na safari, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshayasahau. Mimi aliniambia moja tu, lile la dirishani. Alikaa juu ya kitanda changu, viatu bado miguuni, akasema, "Dada, nimemkana mwanangu mbele ya macho yake." Nikamwambia asijisumbue, mtoto wa dada si ni mtoto wako, na wako si ni wangu, tumesema uongo gani hapo? Nilijiona nina busara sana.

Viza ikatoka. Kulia, kufunga mizigo, kutafuta koti la kuazima, kupiga picha na majirani, akaenda. Katika purukushani zile hakuna aliyekumbuka mchezo wa mtu yeyote.

Wiki ile ile Kasuku akaanza kuniita mama. Mwanzoni nilimsahihisha. Nilisema, mama yako yuko shule, mimi mama mkubwa. Anatikisa kichwa kukubali, halafu dakika hiyohiyo: mama, naomba maji. Nikaacha. Nisiseme uongo, lilikuwa tamu. Sina mtoto, na miaka yangu inakwenda, na hapo nyumba imejaa mama, mama, mama tangu asubuhi. Niliposikia wateja wakisema mwanao kafanana na wewe, nilikuwa nakata kitambaa tu, simrekebishi mtu. Nikasema moyoni, watoto husahau.

Mdogo wangu alikuwa anapiga simu ya picha Jumapili mchana. Tunaona chumba chake, kitanda chembamba, dirisha linalotazama ukuta, sweta mbili juu ya kiti. Kasuku anasogeza uso mpaka tunaona pua tu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mara ya kwanza mdogo wangu alicheka. Ya pili akacheka kidogo. Baadaye akawa anamwambia, "Niite mama, mwanangu." Kasuku anatazama mlango, anatazama dirisha, kisha anasema kwa adabu zote, "Mama mdogo, leo nimepata vema mbili," na kukimbilia nje. Mdogo wangu anabaki anatazama zulia letu, kwa sababu simu mtoto kaiacha chini.

"Ameninyima," aliniambia siku moja. "Na ana haki. Mimi ndiye niliyeanza kumnyima."

Alikuwa anafanya vizuri masomoni, tena sana. Alinisimulia wanavyowasha taa ndogo ndani ya jicho la mtu na kuona mishipa yake, akanisimulia kwa furaha. Halafu katikati ya furaha akasema alipima mtoto wa mtu, umri wa Kasuku, akamuuliza umekuja na nani, mtoto akasema na mama. Basi, akashindwa kusoma namba kwenye ubao. Hakuwa mtu wa kulia hovyo, mdogo wangu. Lakini kila furaha yake ilikuwa na mlango wa nyuma, na hatia inaingilia hapo.

Viza ilikuwa ya nusu ya masomo. Nchi ile haikuruhusu mtu kuifanya upya akiwa ndani. Lazima urudi ulikotoka, upange foleni ileile, usimame dirisha lilelile. Kwa hiyo likizo ilipofika akaja. Alikuwa amekonda na amejifunza kunywa chai bila sukari, jambo lililonikera kuliko nilivyotarajia. Kasuku alimkimbilia mpaka katikati ya ua, akasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu, akampa mkono. "Shikamoo, mama mdogo. Karibu."

Majirani walikuwepo, wakacheka wakisema mtoto ana adabu. Mdogo wangu aliupokea ule mkono. Mimi nilijifanya nahangaika na begi.

Asubuhi ya kwenda kuomba viza upya nilikuwa nampigia pasi sketi na blauzi, yeye anapanga karatasi mezani. Akasema bila kugeuka, "Leo nitasema ninaye mtoto."

Nikaacha pasi. "Umerogwa? Kule uliwaambia huna. Ukisema leo unaye, watakuuliza umemwokota wapi. Umebakiza nusu ya safari. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Wakunga gani, dada? Uzazi wenyewe ndio niliomkana."

"Maliza shule kwanza. Mtoto yupo, hatumli."

"Yupo kwako," akasema.

Nikamwambia asinivunjie heshima, na kwamba aliyemlaza, aliyemwogesha na aliyemshonea ni mimi, na mengine ambayo mtu huyasema pasi ikiwa imeshaanza kuunguza blauzi. Aliningoja nimalize. Kisha akasema anakwenda na Kasuku, nami niende nikipenda. "Nilimkana mbele yake. Nitamkubali mbele yake. Wakininyima, waninyime." Nilikwenda. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga wa kurudishwa kuwa mama mkubwa, na hilo lilinitia aibu njia nzima.

Pale getini tukaacha simu zetu kwa mlinzi, tukapewa vibao vya namba. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, akiinuka mmoja wanayumba wote. Foleni ilikuwa ileile, na elimu ileile: kuna binti nyuma yetu alikuwa anafundishwa na mtu kwamba asikubali hata kidogo kuwa ana mchumba. Mdogo wangu alikuwa anasogeza midomo taratibu, anajifunza sentensi yake. Nina mtoto mmoja, mara ya kwanza sikusema kweli, naomba radhi. Nina mtoto mmoja. Kasuku alikaa katikati yetu, soksi zimevutwa mpaka magotini, anamsikiliza kila mtu.

Namba ikaitwa. Wakaenda wawili, mimi nikabaki kwenye kiti, karibu kiasi cha kusikia. Dirishani alikuwepo mama yuleyule, na fremu yake bado imelala upande. Hakumkumbuka mdogo wangu. Angemkumbukaje, watu wote wale. Akamuuliza ya masomo, akatazama matokeo, akasema ni mazuri. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, "Una watoto?"

Mdogo wangu akavuta pumzi. Nilimwona mabega yakipanda.

"Hana," akasema Kasuku.

Alisema kwa sauti safi, ya darasani, vidole vimeshika ukingo wa dirisha. "Mimi ni mtoto wa dada yake. Mama yangu yule pale." Akanyoosha kidole, na ukumbi mzima ukanitazama. Sijui nilifanya nini na uso wangu. Nadhani nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Mama wa dirishani naye akatabasamu. "Hodari sana huyu," akasema, akaandika.

 Ile sentensi mdogo wangu aliyokuja nayo toka nyumbani ilimkauka mdomoni. Akaulizwa mengine mawili matatu, akajibu kwa kichwa, akaweka vidole vyake kwenye kile kioo cha kuchukulia alama, akaambiwa arudi wiki ijayo kuchukua pasipoti. Maana yake tulikuwa tunaijua wote. Pasipoti ikibaki kwao, umepata.

Tukatoka. Mlinzi akaturudishia simu. Nilitaka kusema Mungu mkubwa, twende tukanywe soda, lakini nilipomtazama mdogo wangu usoni nikaona si wakati wa soda. Kasuku alikuwa anaruka juu ya vigae vya njia, kigae kimoja mguu mmoja. Akasimama, akatazama nyuma kuhakikisha geti limefungwa, akamvuta mama yake mkono ainame.

"Nimejibu vizuri?" akanong'ona.

Mdogo wangu akakaa chini. Palepale, na sketi ile niliyoipiga pasi, juu ya ukingo wa barabara.

"Nani alikwambia ujibu?"

"Wewe ulisema mpaka utakaponiambia. Hujaniambia." Akanitazama mimi, akarudisha macho kwa mama yake. "Hata kwenye simu sikusema. Nilikuwa naogopa watakusikia, wakutoe shule."

Ndipo nikajua. Miaka ile yote nilidhani mtoto amesahau, mama yake alidhani amekasirika, kumbe mtoto yuko kazini. Kila alipokuwa anatazama mlango kabla ya kusema mama mdogo, alikuwa anamlinda mtu. Na utamu wote nilioupata mimi wa kuitwa mama, nilikuwa nakula posho ya mlinzi. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Mdogo wangu akainuka, akamshika Kasuku mkono, akarudi getini. Mlinzi akamuuliza kama amesahau kitu. Akasema ndiyo, amesahau, naye akafungua bila hata kudai simu. Nikaja nyuma yao nikimwita kwa sauti ya chini, nikimwambia viza imeshatoka, aache, tutamwambia mtoto nyumbani. Hakugeuka, na mimi nilijua si sawa ninachosema, ila mdomo ulikuwa unaendelea wenyewe.

Hakupanga foleni. Watu wakaguna, yule anayefundisha akasema wengine bwana hawana ustaarabu. Alisimama dirishani akasema yote, toka siku ya gauni la njano, na jamaa wa foleni, na mchezo. Alisema, "Huyu ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Nilisema uongo mara ya kwanza, na leo nimemwacha yeye aseme." Sauti ilimkatika lakini alifika mwisho.

Yule mama alivua miwani, akaifuta, akairudisha imelala vilevile.

"Nani alikwambia kuwa na mtoto ni kosa?"

"Kwenye foleni walisema."

"Kwenye foleni." Akatazama ule umati nyuma yetu. "Dada, swali lile tunauliza tujue una nani wa kurudia. Ungesema ndiyo, ningeandika ndiyo, ingekusaidia."

Mdogo wangu alishika ukingo wa dirisha palepale vidole vya Kasuku vilipokuwa.  Kumkana mtoto kwa sababu ni jambo moja, mtu anaweza kujitetea kwa Mungu. Kumkana bure unajitetea vipi?

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nina uongo mara mbili, na siwezi kujifanya sikuusikia." Hakusema kwa ukali. Akafungua droo, akatoa pasipoti, akaipitisha chini ya kioo. Maombi yamesimama. Aombe upya, alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto na maelezo yake, yatapelekwa kwa wakubwa, na wakubwa huchukua muda wao. Chuo kama kitamngoja, hilo aulize chuo. Kisha akasema jambo moja ambalo halikuwa kwenye orodha yake. Alisema, "Ungekuja peke yako, bila mtoto wa kukujibia, ungekuwa unarudi shule."

Tukatoka tena. Safari hii hatukuwa na vibao vya kurudisha, mlinzi alitufungulia tu akatazama pembeni. Tulikaa wote watatu kwenye ukingo uleule wa barabara. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumlaumu, nikayatafuta, sikupata hata moja lisilonihusu. Mdogo wangu aliiweka pasipoti kwenye mkoba, akafunga zipu, akamgeuza Kasuku amtazame.

"Sikiliza. Mchezo umekwisha. Mimi ni mama yako. Sema nyumbani, sema shuleni, sema kwenye simu, sema kwa yeyote."

 Kasuku akatazama geti, kwa mazoea, akatazama mkoba wa mama yake ambao pasipoti imo ndani, akamtazama mama yake aliyekuwa analia bila kujifuta. Alikuwa anapiga hesabu za kitoto, na mimi nilisali asiseme chochote. Lakini alikuwa ameshika zamu muda mrefu, alikuwa na haki ya kujua.

"Mama," akasema, "nani ameshinda?"